Mgambo kubeba baiskeli ya mtu kisa mchango wa darasa: haki mnayo, ila iko kwenye mkutano wa kijiji

Mkuu mleta mada, umeuliza kama ni halali mgambo kuingia kwa baba yako mkubwa huko Newala wakabeba baiskeli kisa hajatoa mchango wa darasa. Mimi ni wa Tandahimba, nilishakuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, haya mambo nimeyaona nikiwa upande wa meza kuu, ngoja nikujibu.

Sio halali. Katiba ya 1977 ibara ya 138 imesema hakuna kodi ya aina yoyote kutozwa bila sheria, ya 24 inalinda mali ya mtu na ya 16 inalinda maskani yake. Watu wanadhani Katiba ni mambo ya Dodoma na wabunge kumbe inafika mpaka uani kwa mzee wako. Mchango ni hiari mpaka uwe na sheria ndogo nyuma yake, na sheria ndogo ya kijiji haitungwi na mwenyekiti na mtendaji wamekaa barazani jioni. Inapendekezwa na halmashauri ya kijiji, wananchi wanaijadili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, halafu inaenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, ikiruka hatua moja hapo sio sheria. Na hata ikiwepo, mbishi anapelekwa mahakama ya mwanzo, mgambo hawezi kujihukumia mwenyewe akaondoka na kitu cha mtu.

Sasa nikupe kilichotokea kwetu, kijiji sikitaji. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia, uongozi ukatangaza kila kaya itoe hela ya kumalizia nyumba ya mwalimu. Bibi mmoja muuza mihogo akasimama, akasema msimu uliopita tulikubali kukatwa kwenye kila kilo ya korosho pale AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kwa nyumba hiyohiyo, zile hela ziko wapi? Akaambiwa kaa chini mama hayo ni mambo ya ofisi. Watu wakaguna. Hakukaa. Kijana mmoja akaomba daftari la muhtasari lisomwe mbele ya watu, mtendaji akazungukazunguka weee mwisho akalifungua, na kweli azimio la makato lilikuwemo, limesainiwa. Yakasomwa matumizi, saruji ipo, fundi yupo, hela ya bati imeandikwa imetoka na bati zenyewe hakuna aliyewahi kuziona. Mchango ukasimamishwa palepale, ikaundwa kamati ya kufuatilia, na nyumba ikaja kuezekwa. Hakuna aliyetukanwa wala kupigwa, ni bibi tu aliyekataa kukaa chini na daftari lililofunguliwa.

Lakini na mimi niseme linaloniuma. Mkutano mkuu unatakiwa ukae walau kila miezi mitatu, tangazo linabandikwa, mbiu inapigwa, halafu watu hawaji, huyu yuko shamba anaokota korosho, huyu anasema siasa hazimhusu, akidi haitimii, wachache wanaamua halafu kijiji kizima tunalalamika gengeni. Ibara ya 21 imetupa haki ya kushiriki maamuzi yanayotuhusu, na ukiendelea kusoma ya 26 na 27 unakutana na wajibu wa kutii sheria na kulinda mali ya umma. Mtu huyohuyo anayelia kaonewa na mgambo, usiku anatoboa bomba la kijiji ajaze madumu yake, na maji huku juu Makonde tunajua yalivyo ya shida! Hilo nalo ni kosa na tuliseme.

Ardhi vilevile, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia, kwa hiyo ukisikia mgeni kapewa eneo la ufuta uliza muhtasari.

Kwa mzee fanyeni hivi. Msigombane na mgambo. Nendeni na shahidi kwa mtendaji muulize ni sheria ndogo ipi, ilipita mkutano wa lini, na hati ya kuchukulia baiskeli iko wapi. Akiwazungusha andikeni barua ya kuomba taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa siku 30 kujibu, nakala kwa mtendaji kata na mkurugenzi wa wilaya, na nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi. Baiskeli isiporudi nendeni polisi mchukue RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu chao.

Na mkutano ujao asiende mzee peke yake, kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe, mwende na dada zako. Ajenda ya mapato na matumizi iombeni mapema kwa maandishi, mkiiacha isubiri mengineyo itafika jua limezama na watu washaondoka.