Jibu: forkIO, programu inakata kabla nyuzi hazijamaliza

Mkuu, unauliza kwa nini, kwenye programu yako ya lugha ya Haskell, nyuzi (threads, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba) mia moja ulizoanzisha kwa `forkIO`, amri ya kuanzisha uzi mpya, zinachapisha mistari miwili mitatu kisha kimya. Ni kwamba `main` yako, sehemu kuu ambapo programu inaanzia, inafika mwisho mapema. Kwenye Haskell, `main` ikiisha programu nzima inafungwa, na nyuzi zilizobaki zinakufa papo hapo.

Dawa ya haraka: kila uzi upe `MVar` yake tupu, yaani kisanduku cha thamani moja ambacho nyuzi hutumia kusubiriana. Uzi ukimaliza kazi ufanye `putMVar` (kujaza kisanduku), na `main` ifanye `takeMVar` (kusubiri kijazwe na kukichukua) kwa kila moja kabla ya kutoka. Ila hapo tumia `forkFinally`, inayoendesha hatua ya mwisho hata uzi ukianguka, si `forkIO`. Kwa `forkIO`, uzi ukipata hitilafu katikati, `putMVar` haitafikiwa kamwe, na `main` itakwama mpaka GHC (kompaila ya Haskell) ikurushie `BlockedIndefinitelyOnMVar`, ujumbe usiokuambia chochote kuhusu chanzo.

Binafsi siandiki hayo kwa mkono. Maktaba ya `async` ina hii:

`forConcurrently_ [1..100] kazi`

Inasubiri zote, mmoja ukianguka, inafuta zilizobaki na hitilafu inakufikia.

Memori isikutie hofu. Hizi si nyuzi za mfumo endeshi: steki (memori ya kazi) ya kila mmoja inaanza na kilobaiti 1 hivi, inakua ikihitajika. Hata laki moja zinabebeka.

Ukitaka zitumie kori zote za prosesa, kompaili na `-threaded -rtsopts`, kisha endesha na `+RTS -N`. Tegemea herufi kuchanganyikana kwenye skrini. Zungushia `putStrLn`, amri ya kuchapisha mstari, kwa `withMVar` ya pamoja, ili uzi mmoja tu uchapishe kwa wakati mmoja.