Re: Mjusi wa Tendaguru ndo dainosaria mkubwa kuliko wote?

Mkuu hapana, mjusi wetu wa Lindi sio mkubwa kuliko wote, ila kwa kimo anatisha, mifupa yake iliyosimamishwa kule Berlin inaenda juu mita 13 na ushee. Kwa urefu wa mwili na uzito Argentinosaurus, dainosaria wa Argentina, anampita mbali, anakadiriwa mita 30 mpaka 35, sisi wa Kigoma tuseme karibu nusu ya meli yetu ya Liemba, na pingili yake moja tu ya mgongo inazidi mita moja na nusu! Shida mifupa yake iliyopatikana ni michache ndo maana kwenye tani wataalamu wanabishana, mi namwamini zaidi Patagotitan, dainosaria mwingine wa huko huko Argentina aliyetangazwa 2017 sababu mabaki yake ni mengi. Ila wa kwetu kukaa Ujerumani inaniuma kwelikweli, arudishwe.