Mforosadi wangu ni majani tu, hauzai

SWALI: Habari za kazi, bwana shamba. Nipo Arusha. Nina mforosadi mmoja nyuma ya nyumba, jirani na banda la kuku, huu mwaka wa nne. Umeshapita paa, majani yamefungamana, ila sijaonja hata forosadi moja. Mbolea ya kuku nauwekea kila mwezi. Jirani anasema niukate, nami nauonea huruma. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, mama. Jirani hajakosea, ila kabla ya kushika panga jiulize mti ulitoka wapi. Kama ulipanda pingili ya mti unaozaa, kasoro iko kwenye matunzo. Kama ulijiotea kutokana na mbegu iliyoangushwa na ndege, huenda ni dume, na dume halizai hata ulibembeleze vipi.

Maua ndiyo yatakayokuambia. Yatazame pale chipukizi jipya linapotoka. Ua la kiume ni kama kimkia laini kinachoning'inia. Ukikigusa kinatoa vumbi, na baada ya siku chache kinadondoka chote. La kike ni fupi, la kijani, lina vinywele vyeupe, na hilo hung'ang'ania tawini likavimba.

Usipoona ua lolote, nami nashuku ndivyo ilivyo kwako, basi ni mbolea. Ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni hulisha majani. Mfugaji wa viwavi wa hariri, ambao hula majani ya mforosadi, angekushukuru. Wewe unataka matunda, kwa hiyo acha kuiweka msimu mzima.

Sasa huruma uiweke kando. Forosadi hutoka kwenye machipukizi mapya, hivyo mti usioguswa hupeleka machache yaliyopo juu kabisa, kwa ndege. Kiangazi kikielekea ukingoni, bakiza matawi makuu matano au sita, yafupishe hadi unapofika kwa mkono, na ya katikati yaliyosongamana yaondoe ili jua lipenye. Majani yaliyobaki yapukutishe yote. Vaa nguo za kazi, utomvu wake mweupe unanata. Kisha mwagilia. Vichipukizi vikianza kutoka, vichunguze kimoja kimoja pale kwenye vikonyo vya majani.

Ukikuta ni dume, omba kwa mwenye mti unaozaa pingili nene kama penseli, zenye macho (vifundo vinapochipukia majani) manne hivi. Zichomeke, macho mawili yawe chini ya udongo, mbali na ukuta na shimo la choo, maana mizizi yake haina adabu.