Kabla ya mtupo wa kupanda, tazameni mpira unavyozunguka

Mzazi mmoja ameniandikia wiki hii kuhusu binti yake mwenye umri wa miaka 12, mrushaji wa softiboli (mchezo wa gongo unaofanana na besiboli, ambao mpira hurushwa kwa mkono unaopita chini), ambaye rada ya kupimia kasi inampa kilomita 80 kwa saa na ambaye hakuna mwenzake katika timu anayemfikia kwa kasi, lakini wapigaji wanamgonga watakavyo. Anauliza kama wakati umefika wa kumfundisha mtupo wa kupanda, yaani ule unaoonekana kwa mpigaji kana kwamba unainuka, kwa kuwa mwalimu mmoja amemhakikishia kwamba huo ndio utakaomwokoa. Jibu langu ni kwamba asifundishwe bado, na sababu haihusiani na kipaji cha mtoto. Inahusu jinsi mpira wake unavyozunguka, jambo ambalo ujumbe ule mrefu haukuligusa hata kidogo.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilipokuwa msichana nilikwenda kwenye mchujo wa timu niliyoitamani sana, ambako mwalimu alisimama nyuma ya wavu akiwa na rada mkononi, akaandika namba ya kila mmoja wetu, na akachagua warushaji kwa namba hizo peke yake. Hakuna mpigaji aliyeigusa vizuri mitupo yangu ya kuzama, ile inayoshuka ikimfikia mpigaji, siku ile, lakini wengine walinizidi kasi, nikaachwa. Msimu uliofuata nilikutana na timu hiyo hiyo nikiwa upande wa pili, na wapigaji wake wakawa wanaugonga mpira chini, mbele ya miguu yao, tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Nilifurahi sana, na hadi leo nikikumbuka ninafurahi.

Mpira unaporuka, hewa huusukuma kuelekea upande ambao uso wake wa mbele unageukia. Ukizunguka kwa mbele, uso huo unashuka, hivyo hewa inaungana na uzito wa mpira na kuuzamisha. Ukizunguka kwa nyuma, hewa inaubeba, nao unashuka kwa kiasi kidogo kuliko macho ya mpigaji yanavyotarajia. Huo wa pili ndio mtupo wa kupanda, na wanaosema kwamba mpira huruka juu ghafla ukikaribia gongo wanasimulia wanachokiona, si kinachotokea. Kuna pia mzunguko wa risasi, ambao mhimili wake unaelekea kule kule mpira unakokwenda. Unaweza kuwa wa haraka na wa kuvutia kwenye kifaa cha kupimia, lakini hewa haiusukumi mpira huo popote. Ndio ninaouona kwa watoto wengi wanaoambiwa kwamba wanarusha mtupo wa kupanda: kiganja kimepita pembeni mwa mpira badala ya chini yake, mpira umekwenda juu kwa sababu umelengwa juu, na mpigaji mtulivu anauacha upite au anaupeleka mbali.

Kwa hiyo, zungushia mpira utepe wa rangi katikati, mtoto aushike utepe ukiwa wima kuelekea kwa mdakaji, kisha mrekodi kwa simu, kwa mwendo wa polepole, ukiwa nyuma ya wavu. Mstari ukibaki wima hadi kwenye glavu, mhimili umelala sawasawa. Ukiyumba, kuongeza nguvu hakutasaidia.

Kasi siidharau. Mwaka 2012 Monica Abbott, mrushaji wa Marekani, alirusha kwa kilomita 124 kwa saa, na mpigaji aliye mbele ya kasi hiyo hana muda wa kufikiri. Lakini kasi huanzia kwenye mguu wa nyuma unaosukuma na mguu wa mbele unaokaza na kuuzuia mwili, ndipo mkono unapogusa nyonga, sehemu yake ya juu ikapunguza mwendo na kigasha kikafyatuka. Kigasha hicho hicho, kikigeuka kwa ulegevu mwishoni, ndicho kinachouzungusha mpira. Walimu wanaowakalisha watoto wakikunja kifundo cha mkono kwa nguvu wanawanyima kasi na mzunguko kwa pamoja. Na tuache kurudia kwamba kurusha kwa chini hakuumizi bega. Kunaumiza, hasa bega la mtoto anayerushishwa mechi zote za wikendi kwa sababu tu ndiye mwenye kasi. Wazazi, kataeni jambo hilo, hata kama fainali inawasubiri.

Binti huyu ningempa msimu huu mitupo miwili tu zaidi ya ule wa kasi: wa polepole, unaotoka kwa mwendo ule ule wa mkono ili mpigaji asiutambue mapema, na wa kuzama, kwa kuwa kiganja kilicho nyuma ya mpira hufika juu yake kwa urahisi kuliko kinavyofika chini. Katika ligi nyingi, wa umri wake hurusha kutoka mita 12.2 na wa miaka 14 kutoka mita 13.1. Atakapohamia umbali huo, kama utepe utakuwa umezoea kubaki wima, mzazi wake aniandikie tena kuhusu mtupo wa kupanda.