Jibu: Kutengeneza saa ya taa za Nixie (IN-12, volti 175 na maisha ya taa)

Mkuu, umeuliza mambo mawili: ununue taa gani kwa saa yako ya kwanza, na kama ile saketi uliyoiona, inayovuta umeme wa ukutani moja kwa moja bila transfoma, inafaa. Naanza na la pili kwa sababu linahusu uhai wako. Haifai, achana nayo. Umeme wa 230 ukishapita kwenye dayodi na kapasita unafika karibu volti 325, na saa nzima, hadi skrubu za kasha, inakuwa imeshikana na nyaya za mtaani bila kizuizi chochote katikati. Tumia adapta ya volti 12 ya kawaida, kisha pandisha volti humo humo ndani ya kasha. Utapata 175, nazo zinauma vizuri tu, lakini chanzo chake ni adapta ndogo na siyo laini ya TANESCO.

Kwa wale wanaokutana na kitu hiki kwa mara ya kwanza: taa ya Nixie ni kioo chenye tarakimu kumi za chuma chembamba, 0 hadi 9, zimepangwa moja nyuma ya nyingine, na wavu wa anodi (upande wa chanya) mbele yake. Ndani kuna neoni kwa shinikizo dogo. Tarakimu ikipewa njia ya kwenda hasi, gesi iliyoizunguka inawaka rangi ya chungwa. Ni mwako ule ule ulio ndani ya bisibisi ya tester ya fundi umeme. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilizitoa sokoni mwaka 1955, na LED zikaanza kuzisukuma nje miaka ya 1970. Wasovieti waliendelea kuzitengeneza muda mrefu baada ya hapo, ndiyo maana nyingi tunazonunua leo zina maandishi ya Kirusi. Yupo Dalibor Farný kule Czech anayetengeneza mpya kwa mkono, ila taa yake moja inauzwa zaidi ya euro 100. Sisi wengine tunategemea stoo za zamani, na stoo hiyo haiongezeki.

Shika hilo la stoo, kwa sababu maamuzi yangu yote yanatoka hapo. Kila kitu kingine kwenye saa hii unaweza kununua tena kesho kwa bei ya chai. Taa huwezi. Kwa hiyo pesa na muda wako viende kwenye vile vitu vinavyoilinda taa.

Aina: chukua IN-12. Tarakimu zake zina urefu wa milimita 18, unazisoma kwa juu, na miguu yake ni mifupi na migumu, inaingia kwenye soketi. Hiyo soketi ndiyo sababu yangu kubwa: huhitaji kulehemu karibu na kioo, na taa ikisumbua unaing'oa na kuweka nyingine. IN-14 ina urefu huo huo wa tarakimu lakini unaisoma kwa ubavu, na miguu yake ni nyaya ndefu za kulehemu. Ni nzuri kwa macho, ila ningeiacha iwe saa ya pili. IN-18, yenye tarakimu za milimita 40, ni ya mtu anayejua tayari anachofanya, bei yake inakatisha tamaa. Utaona pia kwamba 5 ya IN-12 ni 2 iliyopinduliwa. Wapo wanaochukizwa nayo, mimi naipenda, inaonyesha jinsi kiwanda kilivyobana matumizi.

Angalia sana usiuziwe IV-6 au IV-11 kwa jina la Nixie. Hizo zinawaka kijani cha bluu, zina filamenti, na zinataka saketi tofauti kabisa. Nunua mbili za ziada. Za kwangu nilizichukua kwa muuzaji wa Ukraine, na nilizijaribu moja moja siku ile ile zilipofika: volti 175 kupitia rezista ya kilo-omu 22 hadi anodi, halafu unagusisha kila katodi (mguu wa tarakimu) kwenye hasi kwa zamu. Tarakimu inatakiwa iwake yote, bila kipande cheusi. Isiyowaka kabisa mara nyingi imeingiza hewa, tazama ncha ya kioo kama imevunjika.

Sasa mkondo, na hapa naomba usome taratibu. Nixie haiungwi kwenye volti tupu kama balbu. Inahitaji karibu volti 170 ili iwake, lakini ikishawaka inashikilia karibu 140 tu, na kama hakuna cha kuizuia itanywa mkondo hadi ijiue. Kinachoizuia ni rezista ya anodi. Hesabu yake ni hii: 175 toa 140 unabaki na 35, gawanya kwa miliampea 2.5, unapata kilo-omu 14. Mimi naweka 15. Kila taa iwe na rezista yake. Nimefungua seti za bei rahisi zinazouzwa tayari kwa kuunganisha, nikakuta rezista ndogo mno ili taa ziwake kwa mbwembwe kwenye picha ya tangazo. Ukinunua seti, pima mkondo huo kwa multimita kabla ya kitu kingine chochote.

Usiende upande wa pili pia. Mkondo ukiwa mdogo kupita kiasi, mwako haufuniki tarakimu yote, 8 inakuwa na pengo. Ukitaka saa ififie usiku, acha mkondo kama ulivyo, uwashe na kuzima taa kwa kasi kupitia transista ya volti kubwa kama MPSA42 na MPSA92. Jicho litaona mwanga hafifu, na taa inapumzika kweli.

Kupandisha volti: chipu ya MC34063 inayoendesha kazi hiyo, MOSFET (transista ya kuwasha na kuzima kwa kasi) ya IRF740, koili ya mikrohenri 220 au hapo karibu, na kapasita ya volti 250 au zaidi. Dayodi iwe ya kasi, UF4004 au UF4007. Fundi atakwambia 1N4007 ni ile ile. Kwa kazi hii siyo, ni ya polepole na itapata moto. Taa nne kwa miliampea 2.5 ni chini ya wati 2, adapta ya ampea 1 inatosha na kubaki. Ukizima, subiri kapasita iishe, hakikisha kwa multimita, na unapopima ikiwa imewashwa mkono mmoja ukae mfukoni.

Kuchagua tarakimu: aisii (chipu) ya K155ID1 ya Kisovieti, ndugu wa 74141. Moja kwa kila taa. Inapokea namba kwa nyaya nne na kuvuta katodi husika kwenye hasi. Ukiipa namba kuanzia 10 hadi 15 inazima zote. Chipu mbili za 74HC595 zinatosha kulisha nne hizo kutoka Arduino, ule ubao mdogo unaoendesha programu, kwa nyaya tatu. Watu wengi hapa watakushauri utumie K155ID1 moja kwa taa zote kwa kupokezana. Inafanya kazi. Lakini ili mwanga utoshe unalazimika kupandisha mkondo wa kila zamu, na mimi sitaki kuisukuma taa isiyopatikana ili niokoe aisii tatu za bei ndogo.

Ugonjwa unaoziua taa nyingi ni kutotumika. Tarakimu inayowaka inarusha chembe za chuma, na chembe zinatua kwenye zile zilizozimwa. Fikiria taa ya makumi ya saa: inaonyesha 0, 1 na 2 tu mwaka mzima. Siku ukitaka iwake 7, inatoka na mabaka. Kwa hiyo weka kwenye programu muda wa usiku, saa tisa hivi, taa zote zipitie 0 hadi 9 kwa dakika kadhaa. Usiliruke hili.

Nukta za katikati ni neoni ndogo, INS-1 au NE-2, kila moja na rezista ya kilo-omu 220. Chipu ya kutunza majira ni DS3231, inapotea kama dakika moja tu kwa mwaka, na betri yake inaivusha umeme ukikatika. Moduli yake ya bei rahisi ina njia ya kuchaji betri, na CR2032, betri ya kidonge, haichajiwi, kwa hiyo toa dayodi ya njia hiyo kabla hujaweka betri.

Ukiishi pwani, safisha ubao kwa spiriti baada ya kulehemu. Mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) yakinyonya unyevu, kwenye volti hizi mkondo unavuja na utaona tarakimu za kivuli.

Saa yangu inasoma kwa Kiswahili: ongeza 6 kwenye saa ya chipu, ikizidi 12 toa 12, na ikizidi bado toa tena. Saa 7 ya chipu inakuwa 1, saa 18 inakuwa 12. Mama akija hahitaji kugeuza chochote kichwani.

Anza na saketi ya volti peke yake, bila taa. Ikishatulia kwenye 175, weka hapa picha za ubao pande zote mbili tuzipitie kabla hujachomeka IN-12 ya kwanza.