Sufu kwenye joto la Unguja? Ndiyo, lakini fundi kwanza

Tangu niweke picha ya siku niliyopewa ukuu wa mapokezi pale hotelini, cheo hakuna anayekiuliza. Wanauliza suruali. Kijana mmoja wa Chake Chake kaniandikia: "Kaka, hiyo kadeti ya sufu unaivaaje kwa joto letu hili? Au ndo kuumia kwa ajili ya picha?"

Nimecheka. Ila namjibu kwa urefu, maana suruali mimi ilishanitoa machozi.

Usaili wangu wa kwanza, huko ukanda wa mashariki, nilikwenda na modo, suruali ya kubana mguu mzima, kama vijana wote wa wakati ule. Mimi mapaja Mungu kanijaalia, mpira nimecheza tangu skuli, na suruali ile ilinibana mpaka mifuko ikatoka nje kama masikio. Meneja akanitazama kutoka kiunoni hadi kwenye viatu, akamwambia mwenzake, mimi niko mbele yao: "Huyu mpeleke bustani." Hata hiyo bustani sikupewa. Leo nina watu chini yangu, na nikilikumbuka neno lile bado shingo inaniwaka moto.

Miaka iliyofuata naiacha, haina hadithi. Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa Mchangani, mzee mkali, hapendi maneno. Alinishika kiuno, akasema mwili wangu hautaki modo wala bwanga, ile pana mguu mzima. Nataka suruali iliyokaa vizuri makalioni, yenye nafasi mapajani, kisha ianze kupungua kuanzia gotini kushuka chini, mguuni iishie kama inchi 15 kwa mzunguko. Basi. Tena kupunguza kwenyewe kufanywe pande zote mbili, mshono wa ndani na wa nje. Fundi mvivu hula upande wa ndani tu, ukivaa mstari wa pasi unakwenda kombo na mguu unajizungusha. Suruali nyingi nzuri za mtumba zimeuliwa hivyo.

Sasa joto. Watu wakisikia sufu wanawaza blanketi. Sufu nyepesi inanyonya mvuke wa jasho, hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake, kabla hujahisi kuwa imelowa. Na haikunjiki ovyo: nakaa kwenye boti ya Dar, nashuka, bado nina sura ya mtu. Kadeti ya pamba tupu ukiinuka tu magoti yameshaandika historia. Ila iwe nyepesi kweli. Inyanyue juu uitazame kwenye mwanga. Ikiwa nzito na ina bitana hadi gotini, hiyo ilishonewa baridi ya Ulaya, muachie mwenye duka. Kaskazi ya Januari na Februari, mchana kutwa juani Darajani, mimi mwenyewe navaa pamba. Kusi ikianza, upepo ukapoa, au kama kazi yako ni ya kiyoyozi, vaa sufu bila wasiwasi.

Soma lebo. Ya mtumba huenda imeandikwa laine au Wolle, ni sufu hiyo hiyo. Poliesta ikizidi nusu, ujue umenunua poliesta. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani uuchome: sufu inanuka nywele na inabaki jivu la kusagika, poliesta inayeyuka ikawa kidonge kigumu.

Kufua ni maji baridi, sabuni laini, bila kusugua, na dawa ya klorini isiikaribie kabisa, inaila sufu. Anika kivulini. Pasi ipite juu ya kitambaa chenye unyevu. Karafuu kidogo kabatini zinasaidia kuwafukuza nondo, lakini suruali usiiweke chafu, jasho na madoa ndiyo yanayowaita.

Na vijana wenzangu, niseme tu: mtu ananunua simu ya laki kadhaa, halafu fundi akitaka elfu chache za kupunguza mguu anaona kaibiwa! Unataka kazi ya mezani, unakwenda na suruali inayoburuza vumbi. Heshima ya nguo iko kwenye mkato, jina lililoandikwa nyuma halioni mtu, shati limelifunika. Mpe fundi pesa yake, na umpe muda wake pia. Huyu wangu Alkhamisi hakamatiki, ana foleni ya kanzu za watu wanaozitaka kabla ya Ijumaa. Mfuate Jumamosi asubuhi, na uvae viatu utakavyovalia suruali hiyo, ndivyo anavyopimia urefu.