Mdogo wangu haoni, laptopu ya kawaida itamfaa?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi niko Ujiji, mdogo wangu wa kiume alipoteza macho akiwa fomu tuu na sahivi anataka kujifunza kompyuta. Tuna laptopu ya Windows 10 ila fundi mmoja hapa mjini katuambia hiyo haiwezi, eti tununue kompyuta ya wasioona na yeye anajua pa kuipata. Hela yenyewe hatuna. Tufanyeje?

JIBU: Dada, hela yako isitoke kwanza. Huyo fundi ama hajui ama anatafuta cha juu, mi nadhani cha juu. Vifaa vya nukta nundu vya kuchomeka kwenye kompyuta vipo kweli, na bei yake inatisha, ila sio vya kuanzia. Washa hiyohiyo laptopu, shika Control pamoja na kitufe chenye alama ya Windows halafu gonga Enta, itaanza kuongea hapohapo hata kama bado hamjaweka paswedi. Inayoongea ni programu ya kusoma skrini kwa sauti, inaitwa Narrator, Microsoft waliiweka tangu Windows 2000, japo miaka hiyo ilikuwa ya kubabaisha watu wakawa wananunua programu nyingine ya kazi hiyohiyo, JAWS, ambayo ni ghali hadi leo. Apple nao wana VoiceOver kwenye Mac tangu 2005.

Shida ya Narrator mtaiona mapema, Kiswahili inakisoma kama mzungu aliyeshuka kwenye treni leo asubuhi. Kwa hiyo shusheni NVDA, nayo ni programu ya kusoma skrini, ni ya bure kabisa, aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006 na yeye mwenyewe haoni, ndo maana imekaa vile mtumiaji anavyotaka. Inakuja na sauti ya eSpeak NG ambayo Kiswahili inakijua, ni ya kiroboti na siku za mwanzo atalalamika, mwache azoee, wenzake wanaiongeza spidi mpaka wewe unayeona huambulii neno. Unaweza pia kuiweka kwenye flashi akatembea nayo akachomeka kompyuta ya mtu mwingine.

Mausi asahau. Aanze na Tab na mishale, na akiwa kwenye tovuti H inamrusha kutoka kichwa cha habari hadi kingine. Msimshikie mkono kila saa jamani, mwacheni apotee atajitoa.

Ila kuna sehemu atakwama na kosa sio lake. Hizi programu za kusoma skrini hazina macho, zinaiuliza programu nyingine hiki kitufe kinaitwaje, sasa kama aliyeitengeneza aliweka kapicha tu bila jina, mdogo wako atasikia "button, button, button" hadi achoke. Akikutana na hiyo awaandikie wenye programu, kurekebisha ni kuandika jina tu.

SWALI: Mimi niko Tabora, natumia NVDA chuoni, notsi za PDF anazotuma mwalimu zinasoma kimya. Tatizo ni mashine?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hizo ni karatasi zilizopigwa picha, maneno hayamo humo. Kwenye Windows 10 na kuendelea shika Insert ugonge R, NVDA itajaribu kuyatambua maandishi ya ukurasa unaoonekana, makosa yatakuwepo. Dawa ni mwalimu akutumie faili la Word alilochapia, analo huyo, mwombe.